Msoma Mita

Ofisi ya maji ilinituma alfajiri
na karatasi yenye mhuri mwekundu:
Nyumba ya mwisho, Mtaa wa Reli, mji wa Belen.
Mita haijasogea tangu Machi.
Kagua kama imechezewa.

Miaka kumi na tisa nasoma mita.
Najua nani ana bomba linalovuja,
nani kaachwa na mke (uniti hushuka nusu),
nani kapata mtoto.
Maji hayanifichi kitu.
Ila nyumba hii ya Eufemia Baca
ilininyamazia.

Enzi za marehemu Onofre palikuwa na nyasi pale,
kijani kama kitambaa cha meza ya kamari,
zikinywa usiku kucha kama walevi,
naye akizikata kila Jumamosi
shingoni kavaa tai.
Alipokufa, mjane akaazima sururu.
Akazing'oa kipande kwa kipande,
akazikunja kama mikeka,
akaziweka njiani zichukuliwe na anayetaka.
Hakutaka mtu.

Mwaka wa kwanza: vumbi, na majani ya kijivu.
Majirani wakaandika barua.
Wakasema magugu. Wakasema msiba umemvuruga.
Naye yuko jikoni, anasugua mbegu
kati ya vipande viwili vya msasa,
taratibu, kama asuguaye kisigino cha mtoto,
maana mbegu hizi zina ganda gumu,
zimekwisha kudanganywa na manyunyu mengi.
"Hazitaki huruma," aliniambia.
"Ukizimwagilia kila siku zinaoza.
Zichubue kidogo, zitie udongoni kabla ya baridi,
halafu ondoka hapo."

Basi nikafungua lango.
Harufu ya chokoleti ikanipokea.
Nikadhani mama kabandika sufuria,
kumbe ni mmea mfupi wa maua ya njano kando ya ngazi,
hunukia hivyo asubuhi tu;
saa nne ikigonga umeshafunga duka.

Nikapiga goti. Nikafuta kioo cha mita.
Mshale mwekundu umetulia tuli.
Lakiri haijavunjwa. Hakuna waya,
hakuna sumaku, hakuna ujanja.
Nikageuza shingo,
na hapo, usawa wa pua yangu,
vikombe vidogo vya rangi ya chungwa,
na ndani ya kila kikombe
nyuki amelala.

Si nyuki wa mzinga. Hawa hawana malkia,
hawana asali ya kuibiwa.
"Madume hao," Eufemia alisema nyuma yangu,
ameshika kikombe chake mwenyewe cha kahawa.
"Majike yana vishimo vyao ardhini.
Haya hayana kwao, hupanga chumba kwenye ua."
Mmoja kajikunja, chavua imemjaa mgongo mzima
kama fundi rangi aliyerudi kazini
akalala na nguo zake.
Wawili wamebanana kitanda kimoja.
Sikujua kwamba nimeshusha pumzi
mpaka ua likatikisika.

Fomu yangu ina mstari: Idadi ya wakazi.
Nikaanza kuhesabu.
Nilikuwa kwenye thelathini na saba
jua likachungulia juu ya milima ya Manzano,
likagusa kikombe cha kwanza,
na aliyekuwemo akanyoosha mguu mmoja,
halafu mwingine,
kama mzee anayetafuta kandambili gizani,
akaondoka bila kuaga.
Wakafuata wenzake. Hesabu ikaniharibikia.

Nimeandika: Mita nzima. Haijachezewa.
Mstari wa wakazi nimeuacha wazi.
Ofisini wataniuliza.

Mfukoni nina kipande cha msasa
na mbegu alizonitilia ndani ya bahasha ya bili,
bili ya dola tatu.
Nyumbani, saa kumi na mbili jioni,
nyasi zangu zitakuwa zimekaa zinangoja bomba,
kama kila siku.
Leo tutazungumza, mimi nazo.